Mke miaka 56, mume miaka 31: hii tofauti ya umri inaweza kuwanyima viza ya ndoa?

DadaWaBusia
Habari zenu wote humu. Naomba msaada na naomba kwa heshima, matusi sitaki, nimeyasikia ya kutosha hapa nyumbani.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, ameoa mama wa Kimarekani mwenye miaka 56. Walijuana Jinja, hapa Uganda, yule mama alikuwa amekuja kujitolea kwenye shule, akarudi kwao, wakaendelea kuongea kwa simu, akaja tena, akaja tena, mwisho wakaamua kuoana. Introdakshen, ule utambulisho wa kimila kwa familia ya bibi harusi, tulifanya, familia ya rafiki yake wa Jinja ikasimama kama wazazi wake maana wa kwake hawangeweza kusafiri, alivaa gomesi, lile vazi letu la heshima, na alipiga magoti kusalimia wazee bila kuambiwa, watu walilia. Baadaye wakafunga ndoa ya serikali pale URSB, ofisi ya serikali ya usajili, wakapata cheti. Ombi lile la I-130, la mke raia kumwombea mumewe, limeshakubaliwa, sasa tunapeleka makaratasi tukisubiri intavyuu.

Shida ni kwamba kila mtu anamwambia hiyo viza hatapata kwa sababu mke anaweza kumzaa. Sasa ametokea ajenti mmoja wa mjini anasema dawa ni umri wa mdogo wangu kupandishwa ufike hata 42, ana watu wake wa kutoa cheti kipya cha kuzaliwa, pengo lionekane dogo. Mdogo wangu ameanza kukubali, tayari ametoa advansi. Mimi roho haitulii. Wenye kujua naomba mniambie ukweli.

Stage_ya_Wandegeya
Dada usikasirike lakini hapo kijana anatafuta karatasi za kuishi Marekani tu. Miaka 25 ya tofauti? Hao wazungu wa ubalozi sio wajinga.

DadaWaBusia
Wewe humjui. Malaria ilipomlaza yule mama pale Jinja huyu kijana ndiye alilala chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda mpaka akatolewa, wakati huo hata ndoa haijazungumzwa. Kama ni karatasi angekuwa ameshachoka.

Hajji_wa_Fomu
Dada, kabla ya yote: mwambie mdogo wako aachane na huyo ajenti LEO. Leo hii. Nitaeleza kwa nini na nitaandika mrefu mnisamehe, hii kazi ya kujaza watu fomu naifanya hapa Kampala muda mrefu na hili la umri linanikera sana kwa sababu watu wenye ndoa za kweli kabisa wanaziharibu wenyewe kwa hofu.

Kwanza sheria. Hakuna sheria ya Marekani inayosema mume na mke wasipitane zaidi ya miaka fulani. Hakuna. Katiba yetu ya 1995 ibara ya 31 inasema mwanamume na mwanamke wakiwa na miaka 18 na kuendelea wana haki ya kuoana, basi, haikuweka kiwango cha juu wala cha pengo. Kinachoangaliwa na Wamarekani ni kama siku mnaoana mlikuwa na nia ya kuishi pamoja kama mume na mke, au mlioana ili mmoja apate makaratasi. Hilo ndilo swali lote. Umri unaingia pale kama kitu kimoja cha kumfanya ofisa aulize zaidi, na peke yake hautoshi kuwakatalia. Unakuwa mzigo ukikutana na vingine: hamna lugha mnayoelewana, mlioana wiki ile ile mlipoonana mara ya kwanza, familia haijui chochote, mke alishawahi kumwombea mwanamume mwingine kabla, mume hajui mkewe anafanya kazi gani. Vikikusanyika vitatu vinne ndo ofisa anaanza kuandika.

Sasa huyo ajenti. Dada, I-130 imeshakubaliwa umesema. Kwenye ile I-130 kuna tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wako, imo kwenye mafaili yao tayari, na nakala ya pasipoti yake nadhani wanayo. Leo ukileta cheti kinachosema ana 42, umempelekea ofisa watu wawili kwenye faili moja. Ataamini nini kingine humo ndani? Picha za introdakshen ataziona za kupanga, barua ya shemeji ataiona ya kununua. Alikuwa na maswali ya kawaida kuhusu ndoa, wewe umempa uongo ulioandikwa na wenye muhuri. Kusema uongo kwa ofisa wa viza kwa jambo kubwa ni sababu ya kuzuiwa kabisa, na kutolewa hicho kizuizi ni safari nyingine ndefu yenye wakili.

Na wakifika mahali pa kuamua kwamba ndoa yenyewe ni ya uongo, huo ndo msiba wenyewe, kuna kifungu 204(c) cha sheria yao ya uhamiaji, ukiingia humo hakuna ombi lingine lolote litakalokubaliwa kwa jina lako, hata ukija kuoa mtu mwingine kwa mapenzi ya kweli baada ya miaka ishirini, hata kazini wakikuombea. Kwa upande wa mke raia huko kwao ndoa ya kutafutia makaratasi ni jinai, kifungo mpaka miaka 5 na faini mpaka dola 250,000. Huyo mama mwenye miaka 56 ndiye ajenti anataka kumwingiza kwenye hilo bila yeye kujua?

Msitegemee pia kwamba mkikataliwa mtaenda kortini. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu kwenye kesi ya Muñoz, mama raia ambaye mumewe alinyimwa viza, ikasema raia hana haki ya kikatiba ya kudai mwenzi wake wa kigeni aingizwe nchini. Kwa hiyo mambo yenu yamalizeni pale mezani mara ya kwanza.

Stage_ya_Wandegeya
Hajji hapo nimeelewa, hiyo ya 204(c) sikuwa naijua. Sasa huyo kijana aende na nini ili waamini?

Hajji_wa_Fomu
Aende na maisha yao. Watu wanadhani ushahidi ni wingi, wanaprinti WhatsApp kurasa mia nane, nani atasoma? Chukua kidogo kidogo kutoka kila kipindi: mwanzo walipojuana, wakati wa ugonjwa, wakati wanapanga ndoa, mwezi uliopita. Zile chati ambazo mtu anauliza umekula nini, dawa umemeza, mvua imenyesha huko, hizo zina nguvu kuliko mapenzi mapenzi. Mihuri ya pasipoti ya mke kila alipokuja. Risiti za nyumba waliyokaa. Kama anatuma pesa msifiche, mke kumsaidia mume ni jambo la kawaida, ila mdogo wako ajue zilifanya kazi gani.

Picha, dada nisikilize hapa. Introdakshen yenu mmesema familia ya Jinja ilisimama kama wazazi wa bibi harusi. Ofisa akiona picha wazee weusi wamekaa upande wa bibi harusi mzungu atauliza hawa ni kina nani, na mdogo wako akisema wazazi wake, imeharibika. Aeleze tangu mwanzo, kwenye barua fupi, kwamba kwetu bibi harusi lazima awe na upande wake, kwa hiyo rafiki zake walimsimamia, majina yao haya. Nyuma ya kila picha andikeni tarehe na mahali na nani yupo. Na tarehe ya ndoa kwenye fomu zote iwe ile ya cheti cha URSB, maana nimeona mume anaandika tarehe ya introdakshen mke anaandika ya cheti, wanaonekana hawajui walioana lini.

MamaNakku_Leicester
Hajji Mungu akubariki. Mimi niko Uingereza, wangu ni kinyume, mume ni mzee kuliko mimi kwa miaka 34, mimi nilikuwa 27. Nataka niongeze jambo ambalo huwa halisemwi, pengo la umri linakupiga kwenye PESA kabla halijakupiga kwenye mapenzi.

Mwenzi mzee mara nyingi ameshastaafu. Huku Uingereza tangu Aprili 2024 anayekuleta lazima aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, zamani ilikuwa 18,600. Mshahara hana, sasa inakuwaje? Pensheni inahesabika, watu hawajui. Na kama haitoshi kuna akiba, kwa mtu asiye na kipato kabisa ni pauni 88,500 ziwe zimekaa kwenye akaunti miezi 6. Sisi tulijaza kwa pensheni zake mbili pamoja. Kama tungesikiliza watu wa mtaani tungekuwa bado tunamtafutia mzee wa watu kazi ya ulinzi.

Mengine ni ya kawaida kwa kila mtu, mtihani wa Kiingereza wa A1, ile ngazi ya chini kabisa, kipimo cha TB hapo Kampala, muwe mmeonana ana kwa ana, nyote muwe na 18. Swali la umri liliwekwa kwenye ombi langu na mimi mwenyewe, sikusubiri waulize. Niliandika aya moja: ndiyo amenizidi miaka 34, baba yangu mzazi ni mdogo kwake, familia yangu ilikataa mwanzoni, ssenga wangu, yaani shangazi, akaja kukaa naye siku nzima akarudi akasema huyu mtu ana adabu, na baada ya hapo wakakubali. Ssenga akaandika barua yake mwenyewe kwa mkono na mwenyekiti wa kijiji, LC1, akaipiga muhuri. Nilieleza hata kukataliwa kwenyewe, kwa sababu ndoa ambayo kila mtu ameifurahia kuanzia siku ya kwanza kwa pengo kama hilo nani ataiamini.

Na huku ukinyimwa viza ya mwenzi una haki ya kukata rufaa, siku 28 ukiwa nje ya nchi. Msikae nayo nyumbani mkilia mpaka muda unapita.

Hajji_wa_Fomu
Ahsante Hajjat, umegusa penyewe. Kwa Marekani ile dhamana ya kifedha ni I-864, kiwango ni asilimia 125 ya mstari wao wa umaskini kulingana na ukubwa wa familia, na pensheni yao ya uzeeni nayo inahesabika. Ikipungua anatafutwa mdhamini wa pamoja, anaweza kuwa hata mtoto mkubwa wa yule mama, mradi ni raia au mkazi wa kudumu anayeishi kule. Na mtoto wa mke akikubali kusaini dhamana ya baba wa kambo anayelingana naye kiumri, huo ni ushahidi mzito sana wa ndoa.

Kuna lingine tunaona haya kulisema. Mwenzi mzee anaweza kufa njiani. Nasema hivyo kwa sababu nimeona kijana amekaa na faili mkononi hajui kama bado ni kitu. Kwa mke au mume wa raia wa Marekani, raia akifariki I-130 iliyokwishawekwa inageuka kuwa ombi la mjane, I-360, na kama haikuwekwa mjane ana miaka 2 ya kuomba mwenyewe, mradi hawakuwa wameachana kisheria na yeye hajaoa au kuolewa tena. Kwa hiyo cheti cha kifo kitafutwe mapema na vitu vyote vihifadhiwe, hata katikati ya msiba.

BomboBoy
Assalam aleikum. Nina swali hapo hapo. Mimi 26, mke wangu 47, yuko Minnesota, ni raia. Nikah tulifunga kwa simu, sheikh akiwa hapa Bombo na mawalii kule, mashahidi wapo. Hatujawahi kuonana baada ya nikah. Umri mie siuogopi kwa sababu Mtume (s.a.w) alimuoa Bibi Khadija akiwa na 40 yeye 25 na hiyo kila Mwislamu anaijua. Ila je viza itakuja?

Hajji_wa_Fomu
Waaleikum salaam mwanangu. Kidini sina la kukupinga. Kwa viza hapo kwenye simu ndo pana tatizo, na ni kubwa kuliko huo umri. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haimhesabu mtu kuwa mke au mume kama hawakuwepo pamoja mbele ya mfungishaji, isipokuwa ndoa iwe imekamilishwa baadaye, yaani mmekutana kimwili kama mume na mke BAADA ya ile nikah. Zamani mlionana au hamkuonana haisaidii. Kwa hiyo aje kwanza. Akija fungeni tena mkiwa mmekaa pamoja, isajiliwe vizuri, cheti kipatikane, mkae pamoja watu wa Bombo wawaone, mpige picha na mama yako jikoni, ndo mfungue ombi. Mkikimbilia fomu sasa hivi mnapoteza ada bure.

Na kwa wale ambao hawajaoana wanaotaka ile ya mchumba, K-1, masharti yake muwe mmeonana uso kwa uso ndani ya miaka 2 kabla ya kuweka ombi, na ukifika mnaoana ndani ya siku 90. Kwa wenye pengo kubwa mimi huwa nashauri ndoa kwanza hapa nyumbani, kwa sababu ndoa yenye wazee na kijiji kizima ndani yake inajieleza.

Mwalimu_Tororo
Mimi najiuliza kwa nini pengo likiwa mzee wa kiume na msichana mdogo hatushtuki sana, ila mwanamke akizidi ndo kelele. Rais wa Ufaransa Macron amezaliwa 1977, mkewe Brigitte 1953, wameoana tangu 2007 na nchi inaendeshwa. Lakini kwetu hapa swali la kwanza litakuwa watoto. Hata ofisa anaweza kuuliza. Mama wa 56 hatazaa. Kijana ajibu nini?

MamaNakku_Leicester
Ajibu walichoongea na mkewe. Kama hawajaongea, waongee leo usiku. Mimi wangu alikuwa ameshafunga uzazi na mimi nilikubali nikijua, niliulizwa na mama mkwe wa dada yangu kwa ukali kuliko ofisa yeyote. Jibu la kweli linatoka haraka bila kutafutwa, la uongo utaliona kwenye macho ya mtu.

DadaWaBusia
Wapendwa nimesoma yote, nimemsomea na mdogo wangu kwa sauti. Amenyamaza muda mrefu halafu akachukua simu akampigia ajenti, amemwambia kazi imekwisha. Advansi sijui kama itarudi.

La watoto waliongea zamani, yeye ana mtoto wa miaka 7 kwa mama mwingine, hawakuwahi kuoana wala introdakshen haikuwepo, na mke anamjua mtoto, ndiye anamlipia fizi ya shule. Kwenye I-130 mtoto aliandikwa. Binti wa yule mama ana miaka 33, mkubwa kuliko mdogo wangu, wanaongea kila Jumapili kwenye video na anamwita kwa jina tu, tunacheka lakini wanaheshimiana. Sasa maswali mawili. Huyo mtoto anaweza kwenda? Na kuna kitu kimetutisha, leo tumetoa makaratasi yote tukaona pasipoti yake inasema 1994 lakini kitambulisho cha taifa kinasema 1992. Huo sio uongo, walimwandika vibaya ile 2014 watu wakijiandikisha kwa wingi, na pasipoti alipewa kwa cheti cha kuzaliwa. Ofisa ataona ni ujanja?

Hajji_wa_Fomu
Mtoto anaweza, kwa sababu ndoa imefungwa kabla hajafikisha 18 huyo mama anahesabika mama wa kambo. Ila haendi kwa kupanda faili la baba, anahitaji I-130 yake peke yake, na mama mzazi atoe ridhaa kwa maandishi mbele ya wakili. Anzeni sasa. Nimefurahi sana kwamba aliandikwa, mtoto akifichwa mwanzoni akaja kuonekana mbele ni balaa.

Hilo la 1992 na 1994 lisikutishe, nusu ya Uganda ina tarehe mbili. Lakini lisikae hivyo hivyo. Nendeni NIRA, ile ofisi ya vitambulisho vya taifa, mkarekebishe kitambulisho kifuate cheti cha kuzaliwa, mbebe ushahidi wa zamani, kadi ya ubatizo, matokeo ya PLE ya kumaliza shule ya msingi, kadi ya chanjo kama mama yenu aliitunza. Karatasi za maombi ya kurekebisha mzihifadhi, mkifika intavyuu kabla halijaisha aonyeshe kwamba limeshaanza na aseme mwenyewe bila kuvutwa. Tarehe ya fomu zote ibaki 1994 kama ilivyo kwenye pasipoti. Barua ya tabia njema kutoka Interpol pia aangalie isitoke na 1992.

Halafu siku ya intavyuu aongee lugha ile ile anayoongea na mkewe. Kama nyumbani ni Kiingereza, hata kama kimevunjika, aongee hicho hicho. Ukiomba mkalimani wakati mke hajui Kiswahili wala Kisamia, ofisa atakuuliza nyumbani mnaongeaje. Na mwambie viza ikitoka sio mwisho, ndoa ikiwa haijafikisha miaka 2 siku anaingia atapewa kadi ya ukaazi ya miaka 2 tu, na ndani ya siku 90 za mwisho wanaweka fomu I-751 pamoja kuonyesha bado wanaishi pamoja, kwa hiyo bili, akaunti na mkataba wa nyumba viwe na majina yote mawili tangu wanapofika.

DadaWaBusia
Jumatatu asubuhi tunaenda NIRA, mama amepata kadi ya ubatizo kwenye sanduku lake imeandikwa 1994 na jina la padri linasomeka. Binti wa Marekani amesema ataandika barua kuhusu mama yake na mdogo wangu. MamaNakku nakuja inbox unionyeshe ile ya ssenga uliipanga vipi, ya kwetu tumeanza kuiandika lakini ssenga anasema mambo mengi mno.

MamaNakku_Leicester
Njoo. Msimkate maneno, mwacheni aseme yote halafu mchague ukurasa mmoja.